Wimbo wa Tatu, Upande wa Pili

Kwanza niseme, na mniache nimalize: sikuwa nimelewa, sikuwa na homa, na wala haikuwa usiku. Ilikuwa saa moja na kitu asubuhi, Makote, wilaya ya Newala, mbele ya watu tele wenye macho yao. Jambo hili limenikuta mimi mwenyewe, sikuhadithiwa. Anayetaka kucheka acheke sasa hivi, amalize, halafu anisikilize.

Mimi kazi yangu ni spika. Nakaa Masasi mjini, Mkomaindo, na tangu ujana nimeishi kwa sauti: harusi, mikutano, matangazo ya sokoni. Mtaani wananiita Baba Zuhura. Rafiki yangu alikuwa Danieli. Tulizaliwa wote Makote, tukaingia jando moja, tukahamia Masasi pamoja. Kama una rafiki wa namna hiyo huhitaji maelezo. Kama huna, pole.

Danieli alikuwa na kanda. Aliachiwa na mwalimu mmoja Mzungu aliyefundisha Lulindi zamani, ambaye Danieli alikuwa akimlimia bustani. Ilikuwa kanda ya mkusanyiko, nyimbo kumi na sita, zile kali kuliko zote za bendi moja ya Uingereza. Vijana wa nywele zilizosimama na wanja machoni, vinanda vya umeme mwanzo mwisho. Mwalimu alisema muziki huo kwao unaitwa wimbi jipya. Masasi na mawimbi wapi na wapi? Lakini Danieli aliishika kanda ile moyoni. Hakuelewa neno hata moja, na aliimba zote.

Wimbo wa tatu upande wa pili ndio ulikuwa wake kabisa. Katikati vinanda vinanyamaza, inabaki ngoma peke yake, na hapo Danieli anaingia kucheza. Mguu wake wa kushoto uliwahi kuvunjika alipoanguka kwenye mkorosho, ukaunga vibaya. Basi akatunga mtindo wa kilema chake: hatua mbili mbele, anauburuta mguu, anatetemesha bega, anasimama. Hakuna mwingine aliyecheza hivyo, niamini. Niliwahi kujaribu nikaanguka.

Alikuwa na maneno yake pia. Alisema mtu akifa watu wanamtengenezea kanda kama ile: wanachagua mazuri yake tu, wanayaimba msibani, mengine yote wanayaacha nje. Tulikuwa tunacheka.

Halafu akaugua. Walimlaza kwa dada yake, hapo hapo Mkomaindo, kwenye chumba kinachopakana na soko. Kanda nilikuwa nayo mimi, maana redio yake ilikufa kabla yeye hajaanza kuumwa. Mgonjwa yule hakuomba dawa wala chakula kizuri. Aliomba nimpelekee redio na kanda yake, ausikie wimbo wake.

Sasa sikia nilichofanya. Wiki ile nilipata kazi ya kumtangazia muuza dawa ya panya. Kanda tupu sikuwa nayo, na uvivu wa kwenda kuitafuta nilikuwa nao. Kanda iliyotoka kiwandani na nyimbo zake haikubali kurekodiwa juu. Ina vitundu viwili ukingoni vinavyoizuia. Ukiviziba inakubali. Nilikaa kitako, nikakunja karatasi, nikaziba kitundu cha kwanza, nikaziba cha pili. Mtu asije kusema ilikuwa bahati mbaya. Na kwa nini upande wa pili? Kwa sababu upande wa kwanza nilikuwa naupenda mimi.

Nikarekodi: "Dawa ya panya, dawa ya mende, dawa ya kunguni! Panya akila hafiki mlangoni!" Nilirudia na kurudia mpaka koo likakauka, nikakomea karibu na mwisho wa ule wimbo wa tatu. Kesho yake nilikuwa sokoni na spika zangu, tangazo linazunguka kutwa nzima, wiki nzima.

Nilipokwenda kumjulia hali, Danieli aliniuliza kama nimekuja na kanda yake. Nikasema ipo kwa binamu yangu Mtwara, kesho kutwa inarudi. Akasema haya. Siku ya pili akauliza tena, nikamjibu yale yale. Aliuliza kila nilipokwenda, na kila mara akasema haya, bila kununa, mpaka asubuhi tuliyomkuta amekufa. Msibani nilishika maiki nikamsifu rafiki yangu hadi watu wakalia. Nilimtengenezea kanda nzuri sana ya mazuri yake, na mimi mwenyewe nikajiweka humo kama ndugu yake wa damu.

Miaka ikapita. Mwaka juzi mjane wake, Mama Felista, alinipigia simu. Mjukuu wa Danieli alikuwa anatoka jandoni Makote, akataka nipeleke muziki. Ningekataaje? Nilikwenda, nikalala huko, alfajiri nikapanga spika zangu.

Kama hujafika Newala msimu wa baridi, huujui ukungu. Mtu akiwa hatua kumi humwoni. Wale wari, vijana waliomaliza jando, walitolewa wamepakwa mafuta, nguo mpya, na miwani ya jua humo humo kwenye ukungu, wanajiona mabwana. Nikazima jenereta ili ngoma isikike. Ndipo akatokea lipiko.

Lipiko ni yule mchezaji anayevaa kinyago cha mti kichwani, mwili umefungwa nguo mpaka vidole. Wanawake na watoto huambiwa ni mtu aliyekufa, ametoka ardhini. Sisi tuliopita jando tunajua tunachokijua, na siri yake siitoi hapa. Nitasema tu kwamba mwanaume mzima hamwogopi lipiko. Watoto walikimbia, akina mama wakapiga kelele, sisi wanaume tukacheka. Mimi nilicheka kuliko wote.

Kisha wapigaji wakaacha mmoja mmoja, ikabaki ngoma moja. Lipiko akaenda hatua mbili mbele, akauburuta mguu wa kushoto, akatetemesha bega, akasimama.

Kicheko kilinikatika. Nikajiambia, huyu ni mwenzetu fulani anayemkumbuka Danieli, ananitania. Nikazunguka nyuma ya uzio, kule wasikofika wanawake, niulize ni nani aliyevaa kinyago leo. Nikamkuta mvaaji mwenyewe wa kinyago, rika langu tuliyetahiriwa naye, amekaa juu ya kinu anakunywa uji.

"Baba Zuhura, mbona haraka?" akaniambia. "Bado sijavaa. Nangoja ukungu upungue."

Nikatazama gunia miguuni pake. Kinyago kilikuwa ndani. Na kule mbele, ngoma ile moja ilikuwa bado inalia.

Unadhani nilikimbia? Miguu ilinirudisha uwanjani yenyewe. Lipiko akanijia moja kwa moja, watu wakampisha huku wakicheka, wanadhani ni mchezo. Lipiko haongei, hilo hata mtoto analijua. Huyu akainama mpaka mti wa kinyago ukanigusa sikio, na sauti ikatoka, sauti ninayoijua kuliko yangu.

"Kanda yangu umekuja nayo?"

Jamani. Miaka yote ile nilikuwa na muda wa kulipanga jibu. Ningesema nisamehe. Ningesema niliiharibu kwa mikono yangu. Mnajua nilisema nini?

"Ipo kwa binamu yangu Mtwara."

Akasema, "Haya." Akageuka, akaingia kwenye mikorosho akiburuta mguu, ukungu ukamfunika. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu imekuwa ndefu kupita maelezo.

Ningemwambia nani? Wanawake siwezi, hayo ni mambo ya jando. Wanaume wangenicheka, mtu mzima na mvi zangu naamini lipiko kama mtoto asiyetahiriwa. Nilichoweza ni kwenda kwa Mama Felista mchana ule, nikamweleza habari ya kanda peke yake. Nililia mbele yake, sifichi. Alikuwa anachambua mchele, hakuacha kuchambua.

"Alijua, shemeji," akasema. "Dirisha lilitazama soko. Tangazo lako likiisha, mwisho wa wimbo wake ulikuwa unasikika kidogo. Alikuwa anaungoja huo mwisho."

Nikamuuliza, sasa kama alijua, mbona kila siku alikuwa akiniuliza?

"Alitaka useme wewe."

Hakuna aliyewahi kunipiga kofi kama lile.

Niliporudi Masasi nilimwomba binti yangu Zuhura aitafute ile kanda mtandaoni. Siku hizi hakuna kinachokosekana. Aliipata, mkusanyiko ule ule, nyimbo zote kumi na sita, akaniwekea kwenye simu. Tukakaa kuusikiliza ule wa tatu wa upande wa pili. Zuhura akatikisa kichwa, akasema kumbe wazee mlikuwa mnajua muziki. Mimi nilikuwa nasikia sauti yangu mwenyewe: dawa ya panya, dawa ya mende, dawa ya kunguni. Nikabadilisha simu, nikaweka kwenye flashi, nikapeleka kwa fundi. Kila mtu anasikia vinanda. Mimi nasikia panya akila hafiki mlangoni. Hata ule mwisho mfupi aliokuwa akiungoja Danieli, mimi sipewi.

Na haikuishia kwenye wimbo mmoja. Upande wa pili umekwisha wote. Sasa tangazo limeingia upande wa kwanza, ule nilioupenda mimi. Katika nyimbo kumi na sita zimebaki nne. Zikiisha hizo, sijui sauti yangu itahamia wapi. Mtu wa spika asiyesikia tena muziki, ni kazi gani hiyo?

Kwa hiyo wewe unayenisikiliza, kama umeharibu kitu cha mtu na mtu huyo yuko kitandani anakiulizia, nenda leo. Mwambie nimekiharibu. Atakutukana, utalia, yataisha. Usimpe habari za binamu.

Maana mimi Mtwara sina binamu. Sijawahi kuwa naye.