Bibi Aliyetafuna Kitambaa

Siku niliyomfanya bibi yako atafune kitambaa naikumbuka hadi leo, mwanangu Halima. Nikiikumbuka nacheka kwanza, kisha naona aibu. Tangu asubuhi unafunga mizigo ya kwenda Korea kusoma, huku ukinifundisha jinsi Wakorea wanavyokula, wanavyopenda na wanavyolia, na yote umeyaona kwenye tamthilia. Hebu liache hilo sanduku kidogo, umsikilize mjomba wako.

Nilikuwa kijana, fundi cherehani hapa hapa Nyamirambo, sina mvi hata moja. Kila Jumapili utanikuta ukumbi wa video natazama filamu za Kinigeria, msimulizi akizitafsiri kwa Kinyarwanda na kutia chumvi yake. Lagos sijafika, lakini ungeniuliza njia ningekuelekeza. Kwa hiyo dada yangu Zaina, mama yako, alipochumbiwa na Tunde, Mnigeria muuza vipuri vya magari, ukoo mzima ukanigeukia mimi mtaalamu.

Siku ya posa Tunde aliingia, akamwona baba mkubwa Rajabu, akajilaza chini kifudifudi. Shangazi yangu akapiga ukelele wa mshtuko wa kwetu: "Yampaye inka! Hii kijana iko nakufa, lete maji!"

"Hapana, iko nasalimia," nikasema. "Kwao mkubwa wanamusalimia hivyo."

Nilikuwa nimeyaona kwenye filamu, na yalikuwa kweli. Kichwa kikanivimba, na nusura kimkoseshe mama yako mume.

Maana nyuma ya Tunde aliingia mama yake, ametoka Lagos kwa ndege, mkononi ana kifurushi kilichofungwa kwa kitambaa chekundu. Mwanangu, katika filamu zangu zote, kifurushi chekundu cha mama mkwe hakikuwahi kuwa na heri. Unajua kwetu anayekupa kinywaji hukionja kwanza mbele yako ili usiwe na wasiwasi. Nikasimama katikati ya wazee, nikasema, "Mama, kabla dada yangu hajagusa hiyo kitu, fungua, kisha uonje."

Zaina akaanza kulia. Tunde hakutaka kutafsiri, lakini nilikazana mpaka akatafsiri. Mama wa watu akafungua. Hakukuwa na kibuyu wala hirizi. Kulikuwa na kitambaa cha samawati alichojifunga kichwani siku ya harusi yake, amemletea mkwewe. Akanitazama, akatia ncha yake mdomoni, akaitafuna taratibu. Nilitamani kuingia chini ya kiti.

Alipomaliza akasema, mwanawe akitafsiri: "Na mimi nimeona filamu ya kwenu. Moja tu. Ndani yake watu wanauawa mwanzo hadi mwisho. Niliwaaga majirani zangu kama mtu asiyerudi. Lakini mwanangu anaoa, ningebakije nyumbani?"

Hakuna aliyecheka. Kila aliyeketi pale alikuwa na watu wake aliowapoteza katika mauaji ya kimbari, na kila mmoja alikuwa amechoka kujulikana kwa hilo peke yake. Filamu yake haikudanganya. Ila haikumwonyesha shangazi yangu akipiga kelele maji yaletwe.

Baba mkubwa Rajabu akanigeukia. "Huyu mama iko naogopa sisi wote, na amepanda ndege amekuja. Wewe uko kwenu, na unaogopa kitambaa."

Mama Tunde alipotafsiriwa hayo, akacheka mpaka nyuzi za samawati zikaonekana kwenye meno yake. Posa ikaendelea.

Filamu zitazame, mwanangu. Bila hizo tungemmwagia baba yako maji. Zitakuonyesha watu wanavyosalimiana, lakini huyo unayemsalimia ni nani, muulize mwenyewe na umpe nafasi ya kujibu. Na huko wakikuambia wameona filamu ya kwetu, usinune. Wakaribishe chai, uionje kwanza, uwasimulie yaliyobaki.

Kitambaa nimekiweka chini ya nguo zako. Ncha moja bado ina alama za meno. Nilitaka kuitengeneza, bibi yako akanikataza. Mungu akutangulie, akukutanishe na watu wema, akurudishe salama na habari ambazo mimi sijaziona kwenye televisheni.