Rangi Iliyofutika kwa Tone la Nne

Mdogo wangu wa mwisho alipochomoa sindano mkononi mwangu, alikuwa ametulia kabisa. Aliyefumba macho ni mimi. Alikuwa mwaka wa mwisho katika chuo kimoja mjini Meru, akisomea kazi ya maabara, na mradi wake ulikuwa kupima vitamini C katika damu na mkojo. Alihitaji mtu wa kupimwa mara mbili, kabla na baada ya kula mapera wiki nzima. Akanichagua mimi, niliyeacha shule darasa la saba wazazi wetu walipofariki, ili wadogo zangu wasome.

Alitia rangi ya buluu kwenye kichupa, akanieleza kwamba vitamini ndiyo huifuta. Akaanza kudondosha mkojo wangu. Rangi ikageuka pinki kwa asidi ya mkojo tu, haikufutika. Matone kumi, ishirini, thelathini, pinki ile ile.

"Kaka, wewe huli matunda?"

"Nakula."

"Mkojo wako unakukana. Sikia, tofauti isipoonekana, narudia muhula mzima. Mapera manne kila siku!"

Nikarudi nyumbani Runyenjes. Kwetu mapera ni ya watoto. Mtu mzima akikwea mpera huchekwa. Tena nilikuwa na mazoea ya miaka mingi: tunda likiingia nyumbani naligawa, nasema nimeshiba. Siku mbili za kwanza niliwagawia watoto wa ndugu yangu yote, nikabaki mikono mitupu. Mdogo wangu alipopiga simu kuuliza kama nimekula, nikasema nimekula. Uongo ule ulitoka wenyewe, kama zamani.

Siku ya tatu asubuhi nilimpigia mimi. "Nilikudanganya. Andika siku tano, si saba."

Nikasikia kalamu yake ikiandika. Kisha akasema, "Basi panda mpera sasa hivi."

Nikapanda. Mwendesha bodaboda mmoja akasimama barabarani.

"Mzee! Unanyang'anya watoto?"

"Nina mtihani!" nikamjibu, mdomo umejaa mbegu.

Wiki ilipoisha nilikuwa tena maabarani, mwalimu wake amesimama kando. Kichupa cha mkojo mdogo wangu alikuwa amekizungushia karatasi ya alumini, maana mwanga huiharibu vitamini. Tone la kwanza. La pili. La tatu, pinki ikafifia. La nne, ikafutika! Nikapiga makofi peke yangu kama niko kanisani. Damu nayo ilizungushwa kwenye mashine, majimaji ya njano yakajitenga juu, yakapimwa, nayo yakaonyesha vitamini imepanda.

"Mbona siku tano?" mwalimu akauliza.

"Mbili za kwanza aligawa, mwalimu. Ndivyo alivyotulea."

Mwalimu akatia sahihi.

Nje, mdogo wangu akatoa pera mfukoni mwa koti lake jeupe, akanipa. Mikono yangu ikaanza kulipasua katikati. Akaishika.

"Lote, kaka."

Nikalila lote pale getini, akiniangalia mpaka mbegu ya mwisho.