Kipande cha Mfupa Kilichobaki Lilongwe

Nakumbuka siku moja, mwanangu, nikiwa kitandani hospitalini Lilongwe, daktari akazungumza na Tantine Mawazo kupitia mdomo wangu mimi mgonjwa. Tantine, dada wa marehemu baba, ndiye aliyenilea tangu tutoke Bukavu, na hakujua Kichewa. Mimi nilikijua kwa kubeba abiria kwa baiskeli ya kabaza kati ya Dzaleka, kambi yetu ya wakimbizi, na mji wa Mponela. Basi habari za mguu wangu kukatwa nilizitafsiri mwenyewe, kijana wa miaka kumi na tisa.

Unaniita mzee kwa sababu ya haya magongo, najua. Sikiliza tu, halafu tutarudi kwenye goti lako.

Maumivu yalianza juu kidogo ya goti, yakizidi usiku. Kambi nzima ikasema ni baiskeli. Tantine, aliyekuwa akimkanda kila aliyeteguka kwetu, akanikanda kwa maji moto na mawese. Uvimbe ukakua, ukawa mgumu. Asubuhi moja akaondoa mikono yake.

"Hii haiko musuli," akasema. "Tunaenda Lilongwe, hata we unakataa."

Na kweli nilikataa. Hakunisikiliza.

Walipokwisha kunipima, daktari alitueleza. Kijana anaporefuka, kuna seli zinazojenga mfupa, na kazi ikiisha hutulia. Baadhi ya zangu ziliharibika, zikakataa kutulia. Zilikuwa zinagawanyika ovyo, zinajenga mfupa usio na mpango, na zikiingia kwenye damu zingeweza kufika mapafuni. Ndiyo maana ilibidi mguu ukatwe, kisha zifuate dawa za dripu. Sikumficha Tantine neno.

Kisha daktari akaomba jambo la pili: kipande kidogo cha uvimbe kibaki maabara. Seli za namna hii, alisema, zikikubali kuota kwenye maji yenye lishe, huweza kugawanyika miaka na miaka, na watafiti wakazijaribia dawa kabla ya kumpa mtu. Tukikataa, matibabu yangu hayatapungua.

Tantine akasimama. Kwetu kiungo kilichokatwa huzikwa, na huzikwa chote. Alikuwa ameshatoa kwenye mfuko kitenge chake kipya cha kuufungia mguu.

"Muulize," akaniambia. "Hiyo ugonjwa itaishi ndani ya chupa, na mutoto wangu akufe?"

Swali hilo, mwanangu, nilishindwa kulitafsiri. Nililia. Nilitaka kuishi. Halafu hasira ikanipanda, na hasira ile ilinisaidia. Kitu hicho kilikuwa kinaninyang'anya mguu, nami sikuwa tayari kukizika kwa heshima.

"Tantine, ibakie," nikasema. "Bajaribu dawa mpaka bajue yenye kuiua. Mi nitapigana nayo huku."

 Tantine akachana pembe ya kile kitenge, akamnyooshea daktari.

"Basi hii ibakie nayo. Isikae uchi huko."

Daktari hakungoja tafsiri. Alikipokea kwa mikono miwili. "Zikomo, amayi," akasema, yaani asante, mama.

Mguu tuliuzika Dzaleka, ndani ya kitenge kilichopungua pembe. Dawa zilinitapisha hadi nikaomba ziachwe, na kila mara Tantine alinirudisha hospitali, akinitukana njia nzima. Zile seli sijui kama ziliota. Mimi niko hapa.

Sasa, hilo goti lako unalosema limeumizwa na mpira, mbona linakuamsha usiku? Huenda si kitu. Lakini uvimbe mgumu usioisha haukandwi, mwanangu, wala hauombewi nyumbani tu. Unapigwa picha. Kesho tunapanda minibasi pamoja, na usinikatalie. Daktari akikuomba chochote, uliza mpaka uelewe, kisha ujibu mwenyewe.

Mungu akuachie miguu yote miwili mpaka uzeeni. Na akikubakizia mmoja, akupe na Tantine wa kukusimamisha juu yake.