Beberu Wangu na Msiba wa Ustina

"Hivi wifi, huyo maiti uliyemchinjia mbuzi, kaburi lake liko wapi?"

Hawa ndiye aliyeniuliza. Jirani yangu, na dada wa marehemu mume wangu. Aliniuliza mbele ya wanawake wa Garsen, vyungu bado vina mafuta.



Kaburi halikuwepo. Maiti hakuwepo. Na mbuzi, ole wangu, alikuwa ameshaliwa mpaka kwato.

Ngoja niwaeleze, mnicheke vizuri.

Mimi naitwa Mashavu. Swala tano hazinipiti, juzuu nilizosoma chuoni bado ninazo kichwani. Watu walikuwa wakisema, "Mashavu? Huyo humdanganyi." Nami nikawa nimeshaanza kuwaamini.

Mume wangu Jilo alichukuliwa na mamba kivukoni. Hatukumpata hata kidole. Kofia tu.

Basi nikawa namfuga beberu mmoja mweusi, niliyembadilisha kwa mpunga kwa Dado, mama wa Kiorma. Huyo nilimweka kwa hitima ya mwaka ya Jilo. Mtu hana kaburi, angalau apate hitima ya maana. Nilikuwa nimemwahidi, na hakuna siku niliyoisahau ahadi hiyo.

Ndipo akaja Mrusi.

Alipanda mto kwa mtumbwi kutoka Kipini pwani, ndevu mpaka kifuani. Kiswahili alikuwa amejifunza Unguja. Hakuwa mmishenari kama wale wa Ngao, wala mtu wa serikali, wala hakutafuta pembe za ndovu. Nikampa kibanda changu cha nje alale.

"Kazi yako nini, bwana?"

"Mimi ni mwanachuoni, mama. Nachunguza vitabu vya kwetu."

"Vya dini?"

"Vya watu."

Nikatikisa kichwa kama mtu aliyeelewa.

Asubuhi moja nampelekea uji, namkuta na kitabu magotini, machozi yanadondoka ndevuni.

"Kuna nini, bwana?"

"Ustina amekufa."

"Inna lillahi! Ni nani kwako?"

Akafikiri. "Nimeishi naye miaka mingi, mama. Hata mke wangu alinikimbia kwa sababu yake."

Loo! Kumbe bi mdogo!

Nikaketi. Nikamwomba anieleze habari zake. Akasema Ustina alikuwa mfua nguo, mjane. Mume wake alipita juu ya mto ulioganda ukawa mgumu kama jiwe, mto ukapasuka, ukammeza. Hakuonekana tena. Na kila jioni Ustina alimtengea sahani yake, mpaka siku aliyokufa mwenyewe, sahani iko mbele yake.

Mto kuganda ukawa jiwe, hilo sikulikubali. Lakini sahani niliikubali palepale.

Kwa sababu hata mimi, Mungu anisamehe, nilikuwa namtengea Jilo. Na hakuna aliyejua.

Sasa mtaniuliza: Mashavu, hukukiona kitabu? Nilikiona! Ndicho kilichonimaliza. Hadithi za mdomo tunazijua, za kupitishia jioni. Lakini jambo likishatiwa wino, likafungwa kwa ngozi? Vitabu nilivyofunzwa mimi havikuwa na mchezo.

Huyo Ustina si Muislamu, nilijua. Kumsomea siwezi. Lakini kumpa pole jirani aliyefiwa, kumpikia, nani kakataza? Mfiwa hapiki, basi nikapiga marufuku moto kuwashwa kibandani kwake. Nikatandika mikeka. Nikawaita majirani.

Kikabaki kitoweo.

Nikamtazama beberu. Beberu akanitazama. Jilo ataelewa, nikajiambia. Nikamwita Mwalimu Shee wa chuoni na kisu chake.

Mfiwa mwenyewe sasa! Wanawake wanafuta machozi kwa leso, yeye anamung'unya ubavu.

"Mama, leo sikukuu gani?"

Nikawanong'oneza wenzangu, "Uchungu umemchanganya, maskini." Nikamwongezea nyama.

Siku ya kuondoa tanga, nikamwambia kwa upole, "Bwana, tuambie, marehemu mmemzika wapi?"

Akafuta mikono. "Hakuzikwa, mama. Hata kuzaliwa hakuzaliwa. Kuna bwana mmoja kwetu alikaa na kalamu, akamtunga."



Hapo ndipo Hawa akaniuliza lile swali. Kicheko kilichofuata, nadhani walikisikia mpaka Nanighi, huko juu ya mto.

"Nirudishieni machozi yangu!" mmoja akapiga kelele.

Mrusi peke yake hakucheka. Alikuwa ameduwaa. "Mmelia? Mmemlilia Ustina?"

Akaeleza kwamba wanachuoni wenzake walibishana naye miaka. Walidai Ustina hawezi kuliliwa ila na mtu aliyezaliwa kwenye baridi ile. Yeye akakataa, ndipo akatoka kwenda nchi za mbali kuhakikisha. Akakimbilia wino wake.

Yaani utafiti wa mtu umekamilika, na beberu wangu ndiye gharama.

Hitima ya Jilo ikafika. Mwalimu Shee akasoma vizuri, lakini chakula kilikuwa wali na kambare. Hawa alimgeuza yule kambare, akamgeuza tena.

"Mwanamke wa kitabuni kala beberu. Kaka yangu kambare. Haya wifi, umemheshimu."

Alikuwa sahihi.

Mrusi akaja, akaketi kwenye mkeka wa nje, mlangoni. "Mama, nimeambiwa yule mbuzi alikuwa wa mumeo. Nami nimekuja kukaa msiba wake. Alikuwa mtu gani?"

Sikuwahi kuulizwa hivyo. Wote waliniuliza habari za mamba.

Nikafungua mdomo. Jilo, nikasema, alikuwa akiniimbia tukipalilia mpunga. Ndizi ya kwanza kuiva shambani ilikuwa yangu. Na asubuhi ile ya kivukoni aligeuka, akaniambia, "Mashavu, nakuacha mikononi mwa Mungu."

Wanawake wakaanza kulia. Na Mrusi.

Uongo mtupu! Jilo alikuwa mkimya kama gogo. Asubuhi ile alisema, "Uji una madonge," akaenda zake.

Hapo ndipo nikamwelewa yule bwana wa kalamu. Ndugu zangu, msimcheke mtu anayemlilia asiyekuwapo. Hata hawa waliokuwapo, tunawatungatunga kidogo ndipo machozi yatoke.

Mrusi akamgeukia Hawa. "Bibi, wewe ni dada yake. Ndivyo alivyokuwa?"

Ulimi wa Hawa naujua.

Hawa akanitazama. Kisha macho yake yakaenda pembeni mwa jiko, kwenye sahani ya Jilo niliyosahau kuificha.

Akainuka. Akachota wali, akaweka kipande kizuri cha kambare juu yake, akaijaza ile sahani ya kaka yake. Akajifunga leso, akatoka.