Gari la Luseane Halivutwi

Jumamosi asubuhi Luseane aling'oa kiti cha mbele cha abiria cha kibasi chake, akakitupa kwenye nyasi, akapiga magoti. Betri ilikuwa hapo chini, mahali ambapo mtu haoni kitu mpaka aondoe kiti.

Wifi yake, Lesieli, alikuwa ameshasema: lori la kuvuta litafika kabla ya chakula cha mchana. Gari lililokufa lina kazi gani uani kwa kaka yangu? Bora likakatwe vipuri. Na kwa mila za Tonga, dada wa mume akishasema kitu ni chake, kimekwenda. Sitiveni, mume mwenyewe, aliposikia sauti ya dada yake ikiingia mlango wa mbele alitoka kwa mlango wa nyuma, akajitokomeza shambani kwenye viazi vikuu. Kwa mila hizo hizo kaka hakai chumba kimoja na dada yake, sembuse kubishana naye.

Luseane alizaliwa kisiwa cha 'Eua, baba yake alikuwa na boti yenye injini kongwe isiyowaka bila matusi. Aliolewa huku kisiwa kikuu, Tongatapu, akiwa na maboksi mawili ya nguo na spana moja. Kibasi hiki ndicho kilichowatoa wanawake wa kikundi chake cha kusuka kwenye kuomba lifti za watu. Zamani walikuwa wakimwomba Lesieli, na Lesieli hakukosa kuwakumbusha.

"Shemeji, achana nalo," alisema jirani, Semisi, akiwa amekaa ukutani na kipande cha muhogo mkononi. "Stata imekufa. Kila mtu amesema."

"Kila mtu nani? Kuna aliyefungua?"

"Ukiwasha linasema ta! halafu kimya. Hiyo ni stata."

"Au betri."

"Basi betri."

"Jana betri yangu iliwasha pikapu yako, Semisi. Umesahau? Ulipiga honi mpaka kanisani."

Semisi akatafuna muhogo.

Luseane akawasha taa, akamwambia aangalie mbele. "Zinawaka?"

"Kama macho ya mchumba."

Akageuza ufunguo. Ta! "Na sasa?"

"Zimezimika. Mchumba kafa."

Hapo Luseane akaiinamia tena betri. Betri nzima, lakini ukiitaka itoe nguvu nyingi, nguvu hazifiki. Basi zinakwama njiani. Akaomba waya wa kubustia, ule wa kuazimana moto wa betri, kutoka kwenye pikapu ya Semisi, akabana ncha moja kwenye kichwa hasi cha betri, nyingine kwenye chuma kitupu cha injini.

"Ingia, geuza ufunguo."

"Nikipigwa shoti?"

"Nitakulilia. Geuza!"

Injini ikazunguka mara moja, ikashika, ikanguruma. Semisi akaruka nje kama aliyekalia siafu.

"Zima," Luseane alisema. "Nguvu zikipewa njia nyingine zinafika, stata haina kosa. Ni huu hapa."

Akaufuata kwa kidole ule waya mweusi unaotoka kwenye betri kwenda kushikwa kwenye bodi. Boliti yake ilikuwa imevimba kutu, ukoko wa kijani na mweupe. Akaugusa kwa ulimi, akatema. Chumvi. Akageuka kuangalia nyuma ya gari, yeye na wanawake wenzake walikokuwa wakirundika mafungu ya majani ya mkadi ya kusukia mikeka, yakitoka kuloweshwa baharini, yakichuruzika maji njia nzima huku wao wakiimba.

"Kumbe tumelinywesha bahari wenyewe," alisema, akacheka mpaka akashika mgongo wake.

Akafungua boliti, akaimwagia maji ya moto, akasugua kwa msasa mpaka chuma kikang'aa, akakaza kwa spana yake. Kiti kilikuwa bado kwenye nyasi lori lilipoingia na kuziba geti. Lesieli akashuka, mkeka wake wa heshima umefungwa vizuri kiunoni kama anakwenda msibani.

Luseane akageuza ufunguo. Likawaka.

Lesieli akasikiliza. Uso haukubadilika. "Vizuri. Zima unipe ufunguo. Likiwa zima ndiyo bora zaidi, mwanangu atalitumia mjini."

Semisi akajiondoa taratibu, kama mtu aliyekumbuka shughuli nyumbani. Tangu aolewe, Luseane hakuwahi kumnyima wifi yake kitu: si nguruwe, si mkeka wa harusi, si kitambaa cha magome alichokigonga miezi. Alikuwa akiinamisha kichwa na kutoa.

"Hapana, wifi."

"Nini?"

"Ukitaka mikeka, ingia ndani uchague. Nguruwe wale pale. Gari sitoi."

"Unajua unasema na nani?"

"Najua. Ndiyo maana nasema polepole, usije ukasema hukusikia."

"Kaka yangu atajua hili!"

"Yuko shambani. Mwite, kama mtaongea."

Lesieli akageukia shamba, lakini hakusogea. Kumfuata kaka yake wakazozane, hata yeye mila haikumruhusu.

Luseane akarudisha kiti mahali pake, akakaza boliti zake moja moja bila haraka, injini ikinguruma. Kisha akapanda, akatoa breki ya mkono, akachungulia dirishani kwa yule dereva wa lori.

"Baba, sogea nipite. Wanawake wananingoja ufukweni na majani yao."

Dereva akamtazama Lesieli. Lesieli akatazama pembeni. Luseane akapiga honi, akaanza kusogea kuelekea getini, polepole, bila kukanyaga breki, mpaka lori likarudi nyuma.