Watoto Wanaobaki Kulinda

Binti yangu aliacha kuja kwenye simu mwaka ule aliotimiza miaka tisa. Hakugombana na mtu. Mama yangu, anayemlea kule Nyandarua, alikuwa ananiambia tu, "Ako kwa ng'ombe," au "Nimemtuma dukani," na mimi nasikia mtoto anapumua pale pale kando yake. Nilimwacha akiwa na miaka minne, nikaja Texas kusomea uuguzi, nikiapa kwamba ni miaka miwili tu. Miaka miwili ikazaa mingine. Sasa karatasi zake za kuja kuishi nami zilikuwa zimefika ubalozini Nairobi, tunangoja siku ya mahojiano, na mwenyewe hataki hata kuniambia amekula nini. Hofu yangu yote ya 2019 ilikuwa hiyo: kwamba viza itatoka, nami nitaenda uwanja wa ndege kumpokea mtoto asiyenitaka.

Nilikuwa naishi Haltom City na kufanya kazi hospitali moja ya Fort Worth. Kwenye zamu yangu kulikuwa na muuguzi Mchina, mwanamke wa makamo, Mkatoliki kama mimi, mpole mpaka unamwonea hasira. Yeye na Wachina wenzake wa Houston walikuwa wakisaidia shule moja ya msingi huko kwao milimani. Walitaka kuijengea bweni lenye joto na kumwajiri mama wa kuwaangalia watoto usiku. Kila mwaka walifanya bazaa Houston, wakauza vyakula, na mapato yote yakaenda shuleni. Mwaka ule akanijia na wazo. Parokiani kwetu kulikuwa na akina mama Warundi ambao sambusa zao zinawatoa watu Arlington kuja kusali kwetu. Je, wangekubali kupika kwa ajili ya shule hiyo? Yeye Kiswahili hajui hata salamu, na wao Kiingereza chao ni cha kiwandani. Mimi ningekuwa mkalimani.

Nilikubali upesi kwa sababu napenda kuonekana. Nilipata A ya Kiswahili kwenye mtihani wa kidato cha nne na Marekani nzima hakuna aliyewahi kuniuliza. Isitoshe, akina mama wale walikulia kambi ya wakimbizi Tanzania, Kiswahili chao kinateleza, na kila nikifungua mdomo wanacheka. "Dada, hicho Kiswahili umekinunua soko gani?" Nikajiapiza kwamba siku hiyo hawatapata cha kucheka.

Tulikutana ukumbini baada ya misa. Yule Mchina akaeleza kwa Kiingereza, pole pole, kwamba vijijini kwao wazazi wanakwenda kufanya kazi viwandani kwenye miji ya mbali, hawarudi ila sikukuu ya mwaka mpya, na watoto wanabaki na babu na bibi. Shule iko mbali, njia ina theluji, ndiyo maana wanahitaji bweni. Watoto hao akawaita kwa maneno ya Kiingereza yenye maana ya walioachwa nyuma. Mimi nikaona "walioachwa" ni neno la sokoni. Nikatafuta la juu zaidi, lile la msomaji wa taarifa ya habari, na nikalipata. Nikanyoosha mgongo nikasema kwa sauti ya redio, "Hawa ni watoto waliotelekezwa na wazazi wao."

Hakuna aliyecheka. Nilidhani ni heshima.

Mwenyekiti wa akina mama akasimama. Ni mwanamke mrefu, siku za kazi anapanga maboksi ghalani na Jumapili anaongoza kwaya, na katika yote mawili hapendi mzaha.

"Rudia hilo neno," akaniambia.

Nikalirudia. Nilikuwa bado sijaelewa, na nilidhani amelipenda.

"Sisi kambini, kutelekeza tulimsemea mwanamume aliyekimbia mimba yake. Basi nisikilize. Mwanangu wa kwanza yuko kambini mpaka leo. Siku walipofungua kesi yetu ya kuja Amerika, alikuwa amelala kwa shangazi yake, wakamwandika kwenye kesi ya shangazi. Nimelia ofisi zote. Siku ya ndege ikafika, nina wengine wanne wamenishika nguo. Mimi nimemtelekeza?"

"Mama, sijakusema wewe. Nasema Wachina."

"Umesema mzazi aliyekwenda mbali kutafuta, akamwacha mtoto kwa bibi yake. Huyo ni nani humu ndani kama si sisi?" Akanisogelea hatua moja. "Na wewe, dada? Wa kwako yuko wapi?"

Nilikuwa nimemwambia habari za binti yangu siku moja kwenye gari, kwa siri, tukienda kwenye msiba. Mimi nina ulimi, na jibu baya nilikuwa nalo tayari mdomoni. Kilichonizuia ni kwamba nilijua nikilisema nitalia. Mchina wetu alikuwa anatabasamu, anamtazama huyu na yule, akiamini tunajadili viungo vya sambusa.

"Wanasemaje?" akaniuliza.

"Wanafikiria."

Wakachukua mikoba yao wakatoka, mmoja mmoja, bila kuniaga. Nilimchukia yule mwenyekiti wiki nzima. Nilimchukia kwa sababu alikuwa ameuliza mbele ya watu swali ambalo mimi nilikuwa nalikwepa hata nikiwa peke yangu jikoni.

Siku iliyofuata, wakati wa chakula kazini, nilimweleza mwenzangu Mchina nilivyoharibu. Akaweka uma chini. Aliniambia kwamba hilo la "kuachwa nyuma" ni la Kiingereza. Wao kwa Kichina hawasemi hivyo. Neno lao lina sehemu mbili: moja ni kubaki, nyingine ni kulinda. Mtoto anayebaki akilinda nyumba.

"Kubaki na kulinda," nikasema.

"Ni neno la magazetini tu," akasema. "Kwetu likitajwa watu wanahuzunika." Alinishangaa nilivyolichangamkia. Mimi nilikuwa nimeshaacha kumsikiliza. Nilikuwa nimepata dawa, nami ni muuguzi, nikipata dawa naitumia.

Jumapili nyingine nikawaomba akina mama wanipe dakika moja. Nikawaambia nilikosea, kosa ni langu na si la mgeni, na kwamba Wachina wenyewe wanawaita watoto hao wanaobaki kulinda. Nikaona mabega yanashuka. Mmoja akasema, "Eee, hapo sawa," na mwingine akauliza kama Wachina wanakula pilipili. Wakakubali kupika. Tulipokuwa tunakunja viti, mwenyekiti akanisogelea.

"Neno zuri, dada. Lakini tusidanganyane. Mtoto halindi nyumba. Mtoto ndiye wa kulindwa."

Nikaona ni kinyongo tu. Nilitoka nje nikakaa kwenye gari, nikapiga Nyandarua, ambako ilikuwa jioni. Mama akasema mtoto ameenda kuteka maji. Nikamwambia, "Weka simu kwa spika, mama, uiweke hapo mezani." Kisha nikasema na chumba kizima, kwa sauti: "Mimi sikukuacha. Nilikuweka hapo ulinde nyumba yetu. Wewe ndiye mlinzi wa boma."

Sauti ndogo ikauliza, "Na ng'ombe pia?"

"Na ng'ombe pia."

"Na cucu?" Ndivyo anavyomwita bibi yake.

"Cucu zaidi ya vyote," nikasema. Kisha nikajifanya mtandao umekatika. Nililia pale kwenye maegesho kwa furaha tupu, watu wa misa ya Kihispania wakinipita.

Tangu siku hiyo alikuwa anamnyang'anya bibi yake simu. Alinipa ripoti. Geti amelifunga. Ua umetoboka upande wa jirani, ameuziba kwa miiba. Dawa ya presha ya cucu amehakikisha imemezwa, amemwambia afungue mdomo aone. Kuna mtu alipita katikati ya viazi, amemfokea. Nilikuwa nacheka peke yangu barabarani, nikamsimulia kila mtu kazini, hata wagonjwa. Alikuwa amerudi kwangu. Kilichobaki kilikuwa ubalozi, na tarehe ilipotoka, Januari, nilianza kukosa usingizi. Nilinunua kitanda cha mtoto. Nilikirudisha dukani, nikaona nimejitabiria mabaya, kisha nikakinunua tena.

Kabla ya hapo ilikuja bazaa. Tuliteremka Houston kwa magari mawili, sambusa mbichi zikiwa kwenye barafu, kwaya inaimba mpaka Corsicana halafu wote wakalala. Ukumbi ulijaa. Mwenyekiti alisimama nyuma ya karai la mafuta akitoa amri kwa Kiswahili, na Wachina wakapanga mstari wakamtii. Tulimaliza kila kitu kabla ya saa ya chakula cha mchana kwisha.

Ukutani walikuwa wanaonyesha video kutoka shuleni. Watoto wenye mashavu mekundu kwa baridi walikuwa kwenye foleni ya kupiga simu kwa wazazi wao. Kila mmoja akifika anapewa simu, anaongea kidogo, anampa wa nyuma. Ikafika zamu ya msichana mwenye koti lililomzidi. Akaishika simu sikioni kwa mikono miwili, akasimama hivyo, mdomo umefungwa, mpaka muda wake ukaisha.

"Huyo amesema nini?" mwenyekiti akauliza.

Nikamuuliza mwenzangu. "Hajasema kitu," akajibu. "Mwalimu anasema hufanya hivyo kila wiki. Anataka tu kumsikia mama yake akiongea."

Niliwatafsiria wote. Safari hii sikutafuta neno la juu. Mwenyekiti akafuta mikono kwenye kitenge, akanishika mkono juu ya kiwiko.

"Wa kwako siku hizi anaongea?"

"Haachi kuongea."

"Anasema nini?"

"Anasema nyumba iko salama."

Aliniangalia, akauachia mkono wangu. Akarudi kuosha karai. Mwaka ule bweni lilipata paa na jiko la kupasha joto, na mwenzangu alituletea picha. Lakini mimi wakati huo sikuwa na macho ya kuangalia picha ya mtu.

Siku ya mahojiano niliwahi kazini mapema, nikabaki kwenye gari kwenye maegesho ya hospitali, giza la asubuhi halijatoka vizuri, simu mkononi. Kwao ilikuwa alasiri. Ikalia. Sauti ya mama yangu ilikuwa imechoka.

"Wamempatia," akasema.

Nilipiga kelele mpaka mlinzi wa maegesho akageuka. Nilipiga usukani, nikamshukuru Mungu kwa Kikuyu na kwa Kiswahili. Mama yangu hakupiga kelele nami.

"Hebu ongea na yeye," akasema.

"Mum," binti yangu akaanza, kwa sauti yake ya ripoti. "Yule mtu wa dirishani aliniuliza kama nataka kwenda kuishi na wewe. Nikamwambia siwezi kutoka. Mimi ndio nalinda."

"Akasemaje?"

"Alicheka. Akapiga muhuri. Lakini nilimwambia ukweli."

"Mwanangu, cucu tutamtafutia mtu wa kukaa naye. Nimeshaongea na shangazi yako. Usiwe na wasiwasi juu ya cucu."

"Si cucu tu. Ni nyumba. Nikitoka, watu watakata ua, watachukua viti. Ukirudi utapata nini?"

Wenzangu wa zamu walikuwa wanaingia kwa mlango wa nyuma, mmoja akanipungia mkono, nami nikampungia.

"Mum? Si nalinda ndio ukirudi upate kila kitu?"

Niliweka paji la uso kwenye usukani. Ningeweza kusema tutaona. Ningeweza kusema mtandao ni mbaya. Nilikuwa na mazoea. Lakini alikuwa ananingoja, na alikuwa mtoto aliyezoea kukagua kama dawa imemezwa.

"Kwani haurudi?" akauliza.

Nilimwambia hapana, sirudi. Nilikuwa sijawahi kulisema, hata peke yangu.

"Sasa mimi," akasema, "nilikuwa nalinda nini?"