Bi Rula na Ufa wa Nyuma ya Benchi

Walimwita Bi Rula kwa sababu hakutoka nyumbani bila rula ya chuma mfukoni. Miaka kumi na minane alikagua njia ya miguu iliyopita juu ya jabali la pwani: alifyeka majani, akakaza kamba za uzio, akapima nyufa. Jabali lilikuwa la matumbawe ya kale. Ukiinama unaona makombe yaliyogeuka jiwe. Chini yake kulikuwa na udongo laini, na huo mawimbi yalikuwa yakiula kimyakimya.

Asubuhi hiyo, nyuma ya benchi la kutazamia ndege, misumari aliyopigilia kila upande wa ufa ili kuupima ilikuwa imezidi kuachana kwa upana wa kidole. Juzi haikuwa imesogea hata unywele. Akachungulia chini. Shakwe wote walikuwa wameacha viota, wanazunguka wakilia, hakuna anayetua.

Na pale benchini, ng’ambo ya ufa upande wa bahari, walikaa walimu wastaafu watano wakinywa chai.

Akipiga kelele, watakurupuka wote kwa pamoja, na jabali lisihimili kishindo.

“Shikamooni, walimu.”

“Marahaba. Umekuja na rula, utatuchapa?” alitania mzee mwenye darubini.

“Leo mwalimu ni mimi. Njooni huku mmoja mmoja, polepole. Vitu viacheni.”

“Hata darubini?”

“Iache, baba.” Akawaonyesha ufa kwa rula, na kicheko kikakatika.

Wanne walivuka. Wa tano, mama mwenye goti bovu, miguu ilimgoma. Bi Rula aliuvuka ufa, akamshika kiuno, wakaja hatua kwa hatua. Kokoto zilichuruzika ufani, zikachelewa kugonga chini.

Akaifunga njia. Mkubwa wake wa kazi akafoka kwenye simu: “Nani kakupa ruhusa? Wageni wa kesho niwaambie nini?”

“Waambie nimefunga mimi.”

Siku tatu jabali halikutikisika. Watu wakaanza kumwita Bi Woga. Hata dada yake alimuuliza kama macho yake yanapima sawasawa. Usingizi ulimpaa.

Siku ya nne, adhuhuri, jabali likaporomoka baharini pamoja na benchi. Hakuumia mtu. Bi Rula alipoambiwa, alikaa sakafuni jikoni akalia.

Kesho yake mkubwa alifika. Hakuomba radhi. Aliuliza tu uzio mpya uwekwe wapi.

“Hatua thelathini nyuma,” alijibu, “na nitazihesabu mwenyewe.”